Ng'ombe Mmoja wa Kiingereza

Mgodini, Geita
Jumapili, baada ya Misa

Mama yangu,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo hii peke yake, ifike na kukaa kwako kabla ya maneno mengine, kwa sababu yanayofuata ni mazito. Mguu wako umepoa? Je, mvua za Songea zimeanza, na mahindi ya bondeni yameota? Mimi mwili wangu ni mzima. Sina homa, nakula, na viatu ulivyoninunulia siku ya safari bado vinanifaa.

Dada Yustina, najua ni wewe unayesoma. Nakuomba usomee ndani, mlango ukiwa umefungwa, wewe na Mama tu. Usiruke mahali hata ukimhurumia Mama, wala ukinihurumia mimi. Hii ni karatasi ya nne tangu asubuhi. Tatu nimezichoma.

Mama, kazi yangu unaijua kwa jina tu, ukarani. Sasa nataka uione. Mdomoni mwa shimo pana ubao mkubwa wenye misumari sitini. Kila mchimbaji ana kisahani cha shaba chenye namba yake. Asubuhi akishuka anakitundika kwenye msumari wake, na akipanda anakichukua. Ubao ukiwa mtupu, maana yake chini hakuna mtu. Hapo mimi naandika katika kitabu kikubwa neno moja la Kiingereza, CLEAR, na saa, na jina langu. Nyapara akiliona neno hilo anapiga king'ora, na baruti zilizopangwa mwambani zinawashwa. Huku hata asiyejua Kiingereza anasema "klia". Ni neno la kufunga siku.

Sheria inataka na jambo la pili. Inataka niwaite watu kwa majina, kila mmoja aitike kwa mdomo wake nami nimwone uso. Nilipoanza kazi nilifanya hivyo. Lakini watu wakipanda wana njaa, na siku moja nyapara alisema mbele yao wote, "Karani, ubao haudanganyi. Unatuita majina kama padri anayetangaza ndoa!" Walicheka sana. Mama, unajua ninavyoogopa kuchekwa. Nikaacha kuita majina. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikujiuliza.

Namba hamsini na mbili alikuwa mtu anayeitwa Luhende, Msukuma, umri wake kama wa Baba Mdogo, mrefu kiasi kwamba kila mlango ulimfundisha kuinama. Siku ya kwanza aliposikia mimi ni Mngoni alitupa chepe chini kwa furaha.

"Mngoni! Babu zako walifika huku Runzewe na ngao zao, wakaonja matobolwa yetu, wakasahau njia ya kurudi. Na wewe umefuata nini?"

"Nimefuata ng'ombe ambao babu waliwaacha."

"Chukua mkia, mla panya wee! Mkia ndio saizi yako."

Utani huo unaujua, babu alitusimulia. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na mke wake, Mama Kabula, alikuwa akinitumia kila juma, akisema ni kodi ya vita. Katika nchi hii ambayo lugha yake ya nyumbani siijui, na ambamo namwogopa meneja, namwogopa nyapara, na hata mlio wa simu ya ofisini unanishtua, mbele ya mtu huyo mmoja tu sikuwa na hofu. Aliweza kunitukana mpaka nikashiba.

Luhende alikuwa akisoma darasa la watu wazima jioni. Alipojua kuandika jina lake alikuja dirishani kwangu akasema anataka Kiingereza, lakini si chote. "Kiingereza ni ng'ombe wengi, Karani, na mimi sina zizi. Nipe mmoja tu. Ila awe anazaa."

"Unamtaka yupi?"

"Huyo klia. Namsikia kila siku jioni, nami sijui anakula nini."

Basi kila asubuhi, akishatundika namba yake, aligonga dirisha. "Karani, nipe ndama wa leo." Nami nilimpa matumizi mapya ya neno hilo hilo. Siku ya kwanza nilimpa anga lisilo na wingu. Akatazama juu, akasema, "Huyu ni wa kiangazi." Nilimpa maji ambayo changarawe yake inaonekana chini. Akasema huyo hapa kwao hajazaliwa, labda ziwani. Nilimpa kufyeka pori mpaka shamba lionekane, akasema huyo ni dume. Sauti ya redio isiyokwaruza, mwandiko unaosomeka, beki anayeupiga mpira mbali na goli, askari anayewaambia watu watawanyike, mzee anayesafisha koo kabla ya kusema, wote niliwaleta, naye akawapokea mmoja mmoja. Kuondoa vyombo mezani baada ya kula alikataa. "Wazungu wana neno zima la kuondoa sahani? Huyo mrudishe, ana kasoro." Kesho yake akaja akasema amemfikiria usiku kucha, na atamchukua, maskini, asife njaa.

Nikampa na mzigo wa stesheni, kwamba ukishagongwa muhuri na kuruhusiwa kutoka, nao ni klia. Haukupita muda akatumwa Isaka kufuata baiskeli ya shemeji yake iliyoletwa na treni. Aliporudi alianza kupiga kelele akiwa bado barabarani. "Mngoni! Nilimwambia karani wa Isaka, 'Baiskeli klia?' Akanijibu, 'Klia!' Ng'ombe wako amekamuliwa Isaka!"

Alikuwa na daftari la shule. Kila asubuhi kabla ya kuja kazini aliandika jina la siku, akaacha mstari mtupu, na jioni nyumbani akaujaza. Alisema neno linatakiwa likute nyumba iko tayari.

Sasa Mama, nisikilize. Juma lile la nyuma alinichukulia kofia yangu juu ya meza, akashuka nayo shimoni, akapanda nayo jioni akiwa ameivaa, nyeusi kwa vumbi. Fidia ya kuikomboa ilikuwa nusu kilo ya sukari kwa Mama Kabula. Nikailipa. Watu wakacheka, na kwa mara ya kwanza kuchekwa hakukuniuma. Nikaapa kwamba nitalipiza.

Alhamisi asubuhi aligonga dirisha kama kawaida. Nikamwambia, "Leo ndama utamfuata jioni. Amekataa kutoka zizini." Akasema, "Jioni nakuja na kamba." Akashuka.

Watu walipokwisha kushuka wote, nilikwenda kwenye ubao nikakitoa kisahani cha hamsini na mbili, nikakitia mfukoni mwa shati. Nilitaka akipanda akute msumari mtupu, nami nimwambie mbele ya wenzake, "Wewe leo hukushuka. Siku yako haipo." Nilitaka aniombe. Nilikuwa nimepanga hata maneno. Nilicheka peke yangu pale ubaoni.

Saa nne meneja akaniita ofisini. Kulikuwa na barua ndefu za kunakili, akasimama nyuma yangu kila nilipokosea, nami akisimama nyuma yangu ninakosea zaidi. Nilitoka huko saa tisa na nusu, kichwa kinaniuma, nikasahau kabisa kwamba nina mfuko. Nyapara alikuwa ananingoja na kitabu mkononi.

"Ubao mtupu, Karani?"

Nikautazama. Ulikuwa mtupu. Sikuita majina. Niliandika neno, nikaandika saa, nikaandika jina langu. King'ora kikalia. Ardhi ikatikisika chini ya miguu yangu kama inavyotikisika kila siku.

Watu walikuwa wakiondoka. Pale ukutani wanapoacha viatu nikaona katambuga, viatu vya matairi, jozi moja, kubwa, zimewekwa pamoja vizuri. Nilizitazama muda, nikijiuliza nani ameondoka pekupeku. Kisha mkono wangu wenyewe ukapanda mfukoni.

Walimleta juu kabla jua halijatua. Alikuwa ameingia njia ya pembeni kutafuta patasi iliyosahauliwa. Wenzake walimwita, akawajibu watangulie, nao walipouona msumari wake mtupu wakadhani amekwisha kupanda. Hakuwa na haraka, Mama. Kwa nini awe na haraka? Alijua namba yake iko ubaoni. Alijua kwamba maadamu iko pale, hakuna atakayewasha baruti. Hilo ndilo linaloniamsha.

Ijumaa meneja alinisomea ripoti, nami nikaiandika kwa mwandiko wangu mzuri ambao Dada alinifundisha. Imesema kwamba kwa kuwa ubao ulikuwa mtupu, marehemu hakuitundika namba yake, au aliitoa mapema, kinyume cha sheria, na kwa hiyo amekufa kwa uzembe wake mwenyewe, na mgodi hauna wajibu kwa mjane wala kwa watoto. Walimpekua wakikitafuta kisahani, lakini hawakukiona. Walisema kimezikwa na mawe. Kilikuwa mfukoni mwangu nikiandika hayo. Kila nilipoinama mezani kilinigusa kifua.

Jioni ile ile nilimsikia nyapara akiwaambia wageni wa kazi, "Kila mtu atundike namba yake. Msiwe Luhende." Limekuwa neno la kuonya. Siku moja tu, na jina la mtu limekuwa hivyo.

Jana tumemzika kwao, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka mgodini. Kaka yake mkubwa alisema machache sana. Alisema, "Ndugu yetu alikuwa mtu mzuri, lakini mwisho wake ametuachia aibu." Akakaa chini. Kisha Mama Kabula akainua uso akanitafuta kati ya watu.

"Karani. Wewe ndiwe mtani wake. Mbona umekaa? Fanya kazi yako."

Unakumbuka, Mama, siku tulipomzika babu, watani walivyomwigiza akikohoa na kutafuta fimbo yake, na bibi akacheka katikati ya kilio? Ndiyo kazi hiyo. Hakuna mtu mwingine pale wa kuifanya. Nikasimama. Nikajikwaa, wakadhani nimeanza mchezo. Nikarefusha shingo, nikainama kana kwamba napita mlangoni, nikagonga hewani, nikasema kwa sauti yake, "Karani, nipe ndama wa leo! Mngoni, mla panya, nipe ndama!"

Walicheka. Mama, walicheka mpaka kaka yake akafuta macho. Mama Kabula alicheka akijishika tumbo, kisha kilio kikamshika katikati ya kicheko, na wanawake wakamshika mabega. Mimi nilibaki nimesimama na mkono wangu hewani.

Mtani hapewi fedha msibani, anachukua kitu cha marehemu. Mama Kabula akanipa daftari. Akasema, "Wabeja, baba. Ng'ombe wako ndiye huyu, na watoto wake wote." Wabeja ni asante kwao.

Nililifungua njiani. Wako wote, kwa herufi kubwa kubwa zinazopanda mlima: KLIA YA MBINGU. KLIA YA MAJI. KLIA YA SAHANI, MASKINI. KLIA YA BAISIKELI ISAKA. Ukurasa wa mwisho ameandika ALHAMISI. Chini yake mstari mtupu.

Kesho Jumatatu anakuja mkaguzi wa migodi kutoka Mwanza. Ripoti itasomwa, itatiwa sahihi, na shauri litafungwa. Mimi ndiye nitakayempelekea kalamu. Nikinyamaza, hakuna duniani atakayejua. Kisahani naweza kukitupa kisimani. Nimekwenda kisimani mara mbili leo alfajiri, na mara mbili nimerudi nacho.

Naogopa, Mama. Sijui sheria itaniita nani. Huenda ni kifungo, na sijui cha muda gani. Naogopa ndugu zake, naogopa nyapara, na zaidi naogopa uso wako, wewe uliyeuza kahawa msimu mzima ili nivae viatu vya ukarani. Lakini nimejijua. Nikiachwa na hofu yangu hadi kesho, itanishinda. Kwa hiyo nakuandikia wewe kwanza. Ukishajua wewe, sina tena pa kurudi. Kuna dereva wa lori la pamba anayeondoka saa tisa kwenda Mwanza, yeye ataitia posta. Akishaondoka na barua hii nitakwenda kwa Mama Kabula.

*

Mama, dereva amesema magunia hayajatosha, ataondoka jioni. Nilibaki na barua mkononi nikaona kwamba nimeanza tena kutafuta sababu ya kungoja. Nikaondoka vivyo hivyo nikiwa nayo. Sasa nimerudi, na naongeza haya kabla ya kugundisha bahasha.

Nilimkuta Mama Kabula akipepeta mtama, amekaa na mama mkwe wake ambaye haoni vizuri. Nikapiga magoti. Akasema, "Inuka, utani wa msibani umekwisha." Nikakiweka kisahani juu ya ungo, ndani ya mtama. Akakitazama. Alijua kusoma namba hiyo, ndiyo namba ya kwanza mumewe kumfundisha.

"Umekipata wapi?"

"Sikukipata, Mama. Ni mimi niliyekitoa msumarini, Alhamisi, naye yuko chini. Ulikuwa utani. Kisha nikasahau, nikaandika kwamba hakuna mtu."

Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Alikitoa kwenye mtama akakifuta kwa khanga, upande huu na upande ule, muda mrefu. Mama mkwe akauliza kwa Kisukuma nani amekuja, naye akamjibu maneno machache ambayo sikuyaelewa, na yule bibi akageuza uso wake kwangu, akabaki ameuelekeza hapo.

Kisha Mama Kabula akasema, "Kwa hiyo aliitundika."

"Aliitundika. Niliona kwa macho yangu."

"Hakuwa mzembe."

"Hakuwa."

"Siku ile alikuuliza ndama?"

"Aliniuliza. Nilimwambia atamfuata jioni."

Akanyoosha mkono. Nikampa daftari. Akalifungua mahali penyewe, akanirudishia pamoja na kipande cha penseli kilichokuwa dirishani. "Mpe."

Nilijua ni yupi. Nilikuwa nimemweka kwa siku nyingi, kwa sababu ni mzuri na nilitaka awe wa mwisho. Wazungu hulitumia neno hilo hilo kwa kumwondolea mtu lawama aliyotwishwa, jina lake likabaki safi kama lilivyokuwa. Nikaandika chini ya ALHAMISI, kwa herufi kama zake: KLIA YA JINA. Nikamsomea. Nikamweleza maana yake.

Alipitisha kidole juu ya herufi. Halafu akasema, "Hapa umeiandika kwenye daftari la mtoto wa shule. Kesho utaisema mbele yao, kwa Kiingereza chao na kwa Kiswahili, watu wote wasikie. Sijakusamehe, Karani. Sijui kama nitakusamehe. Lakini mimi na shemeji zangu tutakuja asubuhi tusimame mlangoni. Ukikimbia nitakuona. Na usipokimbia pia nitakuona."

Kisahani amebaki nacho yeye. Atakuja nacho kesho. Imekuwa hivyo, na sasa hata nikitaka, kisima hakina cha kupokea.

Mnisalimie Mjomba aliyenifungia sanduku kwa kamba siku ya safari, mwambie kamba bado ninayo. Mnisalimie Baba Mdogo, na shangazi anayekaa ng'ambo ya mto. Mwalimu wangu mkuu naye mnisalimie, ila msimwambie chochote mpaka aulize. Katekista aniombee, na amwombee Luhende, Msukuma, ambaye hakubatizwa, lakini nadhani atapokelewa. Wadogo zangu waambieni kaka yao ni mzima.

Mama, mwaka ule nilipovunja mtungi wa jirani ulinishika mkono ukanipeleka mpaka mlangoni kwake, ukaniacha hapo, ukarudi nyuma hatua kumi ukasimama. Hukunisemea. Kesho asubuhi, ukiwa shambani, simama hivyo hivyo kidogo, ingawa barua itakuwa haijafika.

Msiniandikie tena hapa mgodini. Ngojeni kwanza niwaambie niko wapi.

Mimi mwanao,
Kasiani